Nyuzi Nane za Zablon

Uzi wa kwanza ulikatika saa nne asubuhi, ukamchapa Zablon Gisiri kwenye kidole gumba. Wa pili ulikatika kabla hajamaliza kunyonya damu.

"Baba Pauline, hicho kitu kinakuchukia," mkewe Truphena alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye sketi ya shule aliyokuwa akiipinda.

Zablon aliutupa uzi chini. Alikuwa ameshona nguo mjini Homa Bay kwa miaka ishirini na sita, na hakuna uzi uliowahi kumshinda. Uzi ukikatika aliulowesha kwa mate, akausokota, akaupitisha tena kwenye tundu la sindano, na cherehani ikaendelea. Lakini huu ulikuwa uzi wa chuma. Ulikatika kwa dharau, ukajikunja kama kitu kilichokerwa na kuguswa.

Juu ya meza ya kukatia nguo, kati ya mkasi na chaki, ililala mandolini ya umeme: chombo chekundu, kifupi kuliko mkono wake, chenye tumbo jembamba na tundu la waya ubavuni. Ilikuwa ya bei nafuu, na kila siku iliyopita ilimweleza ni kwa nini.

Aliinunua Migori, kwa Tony, mfanyabiashara wa spika na vinanda vya makanisa. Tony alisema mengi. Alisifu mbao, akasifu sumaku zinazonasa sauti, akataja wanakwaya waliokuwa wameiulizia wiki ile ile. Zablon alisikia maneno mawili tu: nyuzi nane.

"Una hakika ni nane?"

"Hesabu mwenyewe, boss."

Alihesabu kwa kidole, kama anavyohesabu vifungo vya koti. Nane.

Kwao ni Ntimaru, na kwa Mkuria wa Ntimaru nyuzi nane zina maana moja: iritungu, kile chombo kikubwa cha mbao na ngozi, ambacho kila uzi wake una sauti yake, kama watoto wanane wa nyumba moja. Baba yake, mzee Gisiri, alikuwa na wimbo aliomtungia mkewe Bhoke mwaka ule mke huyo alipofunga mizigo kurudi kwao, kisha akabaki. Aliupiga jioni nyingi za utoto wa Zablon. Mama hakuwahi kumsifu. Alimkosoa tu kutoka jikoni, naye mzee akacheka, akakaza uzi, akaendelea. Mzee alipokufa, iritungu yake ilibaki ikining'inia ghalani, na Zablon alikuwa huku Homa Bay akishona majoho ya kwaya. Siku aliyokwenda kuitazama, mchwa walikuwa wamebakiza nyuzi tu.

Desemba iliyopita aliazima iritungu ya Matiko, jirani yao, akaketi mbele ya mama yake mwenye miaka themanini na minne, akaupiga wimbo ule kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mama alivitazama vidole vyake kwa upole. Kisha akauliza, "Mbona hupigi?"

Swali hilo lilirudi naye Homa Bay. Lilikaa naye kwenye cherehani, likala naye chakula. Masikio ya mama yalikuwa yakifungwa kama duka linavyofungwa, ubao mmoja mmoja. Alichoweza kusikia bado ni redio, na hiyo ni mpaka avalishwe hedifoni. Ndipo Zablon alipowaza: akipata chombo cha nyuzi nane chenye waya, sauti itapita kwenye waya na kuingia moja kwa moja sikioni, kabla ubao wa mwisho haujapachikwa.

Wazo lilikuwa zuri. Chombo ndicho kilichokuwa na shida. Alipokifungua alikuta kile kidaraja cha mbao kinachoinua nyuzi kimelala chini yake, kimelegea. Akadhani kimebanduka njiani. Akakibandika kwa gundi ya viatu, akakikandamiza kwa pasi ya makaa usiku kucha. Alipochomeka waya kwenye spika, chombo kikanguruma kama friji ya bucha. Akampigia Tony.

"Hiyo ngurumo ni kawaida, boss."

"Na kile kidaraja nimekibandika."

"Umekibandika na nini?"

"Gundi ya viatu."

Simu ikakatika. Huenda ulikuwa mtandao, lakini Zablon aliamua kwamba ni Tony, maana mtandao huwezi kuutukana ukaridhika.

Wateja nao hawakumwacha. Mwalimu mmoja aliyefuata suruali yake aliuliza kama fundi ameanza kuuza gitaa za watoto. Truphena, Mjaluo wa Rangwe, alikuwa na dawa yake.

"Kama shida ni nyuzi nane ungeniambia mapema. Nyatiti yetu ina nane. Mjomba angekupa bure."

"Siwezi kwenda kumpigia mama yangu nyatiti."

"Nane si nane?"

"Si nane ile."

"Ai yawa! Wakuria mna hesabu yenu."

Nyuzi mbili zilipokatika asubuhi ile, Zablon aliifunga mandolini kwenye shuka akaipeleka kwa Lorine, fundi wa redio na simu karibu na soko, mwanamke mwenye kucha fupi na mdomo usiobembeleza mtu. Lorine alikibandua kidaraja kwa kisu, akitikisa kichwa.

"Nani alikibandika?"

"Kilikuja hivyo."

"Mzee, hii ni gundi ya viatu. Nainusa. Kidaraja hakibandikwi, kinashikiliwa na nyuzi zenyewe."

Akafungua tumbo la chombo, akachomelea waya mmoja uliokuwa ukining'inia bila kazi, na ile ngurumo ikafa. Akavisha nyuzi mpya, akazikaza akitazama kipimo cha sauti kwenye simu, kisha akazipitishia kidole. Sauti ilitoka nzito, tamu, ikijaa kibanda kizima. Lorine alitabasamu. Zablon alikunja uso.

"Umerudia. Umekaza mbili mbili sawa."

"Ndivyo inavyotakiwa. Hizi ni mapacha, mzee. Kila jozi, sauti moja."

"Lakini ni nane."

"Ni nne. Wewe si mshonaji? Ukitaka mshono wenye nguvu si unapitisha uzi mara mbili sindanoni? Mteja akikuuliza, utamwambia hiyo ni mishono miwili?"

Zablon alitazama nyuzi. Zilikaa mbili mbili, zimekaribiana mno, na alikuwa amezitazama siku zote hizo bila kuziona. Kumbe ndiyo maana zilikatika: alikuwa akimvuta pacha mmoja apande juu, amwache mwenzake.

"Kwa hiyo nimeuziwa nyuzi nne zilizohesabiwa mara mbili!"

"Umeuziwa mandolini," Lorine alisema. "Ulitaka nini kingine?"

Zablon alilipa, akarudi nayo dukani. Hata angetaka kujifunza kubana nyuzi shingoni kama wapiga gitaa, vidole vyake vilijua kudonoa tu, na mama hakuwa na miaka ya kungoja. Aliisukuma mandolini chini ya meza, nyuma ya gunia la vitambaa, na kwa siku mbili hakutaka itajwe.

Siku ya tatu Pauline, binti yao aliyeishi na bibi yake Ntimaru, alipiga simu. "Baba, nyanya amekataa kuvaa hedifoni upande wa kushoto. Anasema huko hakuna kitu tena. Amebaki na sikio la kulia peke yake."

Zablon alikata simu akaketi. Kisha akainama akaitoa mandolini kwa hasira, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Pale shingo inapoanzia kulikuwa na kipande cha plastiki chenye mifereji minane inayoshikilia nyuzi, miwili hapa, miwili pale. Aliitazama kama anavyotazama shati lililoharibiwa na fundi mwingine. Mwanafunzi wake angepanga vifungo namna hii angefukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

Akauchukua utepe wa kupimia.

Alichemsha mfupa wa ng'ombe kutoka bucha ya jirani, akaukata, akausugua kwa tupa mpaka ukawa na unene wa kile kipande cha plastiki. Akapima, akatia alama za chaki, akachonga mifereji minane yenye nafasi sawa kati yake, kama matundu ya vifungo kwenye kanzu ya askofu. Akafanya vivyo hivyo kwenye kidaraja. Nyuzi zikatengana. Kisha, badala ya kukaza, akalegeza: katika kila jozi alimwacha pacha mmoja alipo, akamshusha mwenzake polepole, mpaka sauti nane alizozaliwa nazo zikarudi moja baada ya nyingine. Hakuna uzi uliokatika. Truphena alisimamisha cherehani yake ili asikie, ingawa alisema alikuwa akipumzisha mguu.

Lorine, alipoletewa aikague, alishika kiuno. "Mzee, umeharibu mandolini ya watu."

"Waliotengeneza hawakuniuliza."

"Na hizi nyuzi zimebanana, vidole vyako vitapita wapi?"

"Hilo niachie."

Zablon na Truphena walifika Ntimaru Jumapili. Bhoke alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda, shali begani. Pauline alimvalisha hedifoni, akachomeka waya wake na wa mandolini kwenye kispika cha betri walichokuja nacho. Mama aliuliza ni habari za redio gani. Zablon aliiweka mandolini mapajani, akavipangusa vidole kwenye suruali, akaanza.

Alikosea mapema. Nyuzi zilikuwa karibu karibu, na mara mbili kidole kimoja kiliamsha mbili. Sauti ilikuwa nyembamba, ya chuma, haina tumbo la ngozi la baba yake wala kile kishindo cha kifuani. Alijiona kama mtu aliyemletea mama yake picha ya chakula. Aliendelea kwa sababu hakujua namna ya kuacha. Alipomaliza hakuthubutu kuinua macho.

Kuku alipita kati yao, akaenda zake. Kisha mkono mkavu wa mama ukanyooka, ukashika hedifoni upande wa kulia, ukaibana zaidi sikioni.

"Wa sita umelegea."

"Mama?"

"Uzi wa sita!" alisema kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia. "Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo. Miaka yote nampigia kelele kutoka jikoni. Hamna masikio ninyi?"

Zablon alishika kishikizo cha uzi wa sita. Akakumbuka kidole gumba chake. Akakaza kidogo, akaudonoa.

"Bado."

Akakaza tena.

"Bado kidogo. Una haraka ya kwenda wapi?"

Akakaza kwa upana wa unywele. Mama aliinamisha kichwa upande wa kulia, akasikiliza mpaka mwisho wa mlio, kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika na ugali.

"Haya," alisema. "Sasa piga."