Mbao za Nyumba ya Baruti

Wifi yangu aliinama kusukuma ubao motoni, na moto ukamrukia. Haukuwaka, ulipasuka. Sufuria ya githeri ilipita juu ya kichwa changu, nikarushwa ukutani, masikio yakaziba. Nilipofungua macho nilimwona amekaa chini, leso yake inawaka, mdomo wazi, hakuna sauti. Kumbe alikuwa anapiga nduru. Ni mimi nilikuwa sisikii.

Nilimfunika kwa gunia. Vidole vya mkono wangu wa kushoto havikunjiki mpaka leo. Yeye alilala hospitali wiki nzima, akatuacha.

Wacha nieleze. Hapa Kware, kabla ya maghorofa, watu walichimba mawe, na kando ya timbo kulikuwa na nyumba ya mkoloni, mahali walichanganya baruti ya kupasulia miamba. Sisi tuliohamia baadaye tulipaita Nyumba ya Baruti vile mtu huita stage ya matatu. Jina tu. Mwenye ploti alipotaka kujenga gorofa, akaibomoa, na keyateka wake, yule anayemlindia ploti, akatuletea sisi mama wa kuuza githeri mbao za sakafu, bure, mkokoteni mmoja.

"Hizi ni za mkoloni, mama. Zitawaka mpaka Krismasi."

Wifi akamjibu, "Zikiwaka vile unaongea, hata makaa tutasahau."

Tukacheka. Zilikuwa mbao nzito, zingine bado zimeshikana mbili mbili, na katikati yake uchafu wa kijivu, mgumu kama saruji. Misumari ilikuwa ya shaba. Hiyo keyateka aliing'oa yote akapeleka kwa watu wa skrepa. Shaba aliiona vizuri.

Ni kwa matanga ndipo mzee anayeshona viatu pale kona alinivuta kando. Babake alifanya kazi mle ndani ya Nyumba ya Baruti. Walivua viatu mlangoni, chuma hakikuingia, kwa sababu cheche moja ingewamaliza wote. Na kila siku unga wa baruti ulishuka kwa nyufa za sakafu.

"Nilimwambia mwenye ploti, keyateka akiwa hapo hapo. Nikasema hizo mbao zimwagiwe maji, zizikwe."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema baruti ya babangu ilienda na mzungu."

Walijua, wote wawili. Na yule askari aliyekuja siku ya mlipuko aliongea na keyateka tu, kisha akatangaza kwamba ni mtungi wa gesi. Mtungi gani? Mimi sijawahi kupikia gesi maishani mwangu.

Shule niliiacha darasa la nne, lakini kuuliza najua. Askari, huo mtungi uliuona wapi? Keyateka, ulituletea nini? Na wewe mwenye ploti, sakafu ile haikuisha kwa mkokoteni mmoja. Simama mbele ya watu wa Kware useme: mbao zilizobaki ziko jikoni kwa nani?