Kituo cha Maji cha Mama Mkwe

Umma unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba mtaa wetu umejaliwa jasiri. Jangwa hajavuka, mlima hajapanda, na bahari anaifahamu kwa kusikia. Lakini nia anayo. Ni mwanamume wa makamo, mfupi, magoti yanamlia kama bawaba, na kazi yake ni kunyoa. Wenye kofia wanaombwa kuzivua: kwanza ni adabu, pili nazo hanyoi.

Tunamwita Kilele. Vinyozi wengine hubandika ukutani picha za vijana walionyolewa vizuri, ili mteja achague. Kwa Kilele ukuta umejaa watu ambao hawajauona wembe tangu watoke kwao: mpanda mlima mwenye barafu kwenye ndevu, mama aliyevuka jangwa kwa miguu akivuta kigari cha maji, na bwana mmoja aliyevuka bahari peke yake kwa makasia, uso umembabuka kama chungu. Aliwakata wote kwenye magazeti ya zamani. Kuna mgeni aliwahi kuingia, akautazama ukuta kwa makini, akasema, "Mimi ninyoe kawaida tu, tafadhali. Hivi sitaki."

Majasiri hao ndio waliomtia Kilele wazimu wa marathoni. Barafu iko mbali, marathoni ziko jirani. Siku hizi kila mwenye fulana za kugawa ana mbio zake: wenye benki wana zao, wapanda miti wana zao, wagonjwa wa figo wanakimbiliwa na wazima. Kilele amekimbia zote, karibu kila mwezi, bila ubaguzi kati ya mti na figo. Hajawahi kufika akakuta utepe bado umefungwa, lakini alikuwa anafika, hilo hatumnyimi.

Mazoezi yake aliyaokota ukutani. Kwa kuwa yule mama wa jangwani alikunywa maji kwa kifuniko cha chupa, Kilele naye alikimbia juani wiki nzima akinywa kwa kifuniko, mpaka akaanguka mbele ya duka la dawa, jambo ambalo mwenye duka alilipokea vizuri. Kwa kuwa yule wa baharini aliongea na kasia lake ili asirukwe na akili, Kilele aliongea na viatu vyake. Watoto wa mtaani walimsikia akimkaripia wa kushoto.

"Jasiri hapandi gari," alipenda kutuambia, mashine ikiwa kisogoni mwako, mahali ambapo huwezi kubisha. Gari alilolisema ni lile basi dogo linalofuata mkia wa mbio kuokota waliochoka. Wakimbiaji huliita gari la marehemu. "Mimi miguu ikikataa, nitatambaa."

Mkewe alishaacha kubishana naye. Alikuwa anafua tu zile soksi, kwa mbali, kwa ncha ya vidole. Mtu mmoja tu ndiye aliyemwamini, naye ni mama mkwe wake, mjane aliyemaliza kazi ya usafi wa maofisi na sasa anakaa nao. Alasiri alikuja kuketi kwenye benchi la wateja, akiulizia picha moja baada ya nyingine.

"Huyu wa makasia, alipokuwa huko baharini, watoto wake walikuwa wanakula kwa nani?"

"Labda kwa mama mkwe wake," Kilele alijibu bila kufikiri.

"Basi na yeye angebandikwa."

Ndipo Kilele akamweleza habari za kambi: kwamba mpanda mlima hapandi peke yake, kuna mwenzake anabaki chini hemani na kinywaji cha moto, na mwenzake huyo habanduki mpaka wa juu arudi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Mbio za figo zilipotangazwa, akaomba yeye ndiye awe kambi. Kilele akampa kona ya kituo cha mafuta, mbele kidogo ya nusu ya njia.

"Mama, hata iweje, usiondoke mpaka nipite."

"Niende wapi tena, mwanangu."

Siku ya mbio ilipofika, Kilele alianza kwa fahari na kumalizika mapema. Kabla hata ya nusu, msuli wa paja ulijifunga fundo, akalala kwenye majani kando ya barabara, akitazama mawingu kama mtu aliyekuja kupumzika. Gari la marehemu likasimama pembeni yake. Dereva alikuwa mteja wake wa kila mara, tena wa kunyolewa ndevu.

"Panda, Kilele."

"Nitatambaa."

"Haya, tambaa nione."

Alitambaa, kama mwendo wa kutoka kitandani kwenda mlangoni. Kisha akapanda.

Ndani mlikuwa na karani mmoja anatapikia kofia yake, na binti mwenye malengelenge anayecheka na simu. Hakuna aliyeonekana kuona aibu yoyote, na hilo lilimuumiza Kilele kuliko paja. Alikuwa bado anajipanga namna ya kusimulia kisa hiki kikageuka ushujaa, alipokiona kituo cha mafuta. Mama mkwe wake alikuwa amesimama ukingoni kabisa, amevaa viatu vyake vya kwendea benki, amekumbatia chupa ya maji aliyoizungushia taulo bichi isipate moto.

Kilele akashuka kwenye kiti, akalala sakafuni.

"Umeangusha nini?" karani akauliza.

"Pini."

Trafiki alikuwa amesimamisha magari pale konani, kwa hiyo basi lilikaa. Kutoka chini ya kiti, pua ikiwa karibu na ile kofia ya karani, Kilele akamsikia mama akisogea dirishani.

"Poleni, wanangu. Pumzikeni, hakuna ubaya. Ila kuna mwenzenu bado yuko nyuma, msimsahau."

Nyuma ya gari la marehemu hapabaki mtu. Ndiyo maana linakwenda mwisho. Mama hakulijua hilo. Dereva alilijua. Alifungua mdomo, akatazama kwenye kioo, akaufunga.

Nyumbani Kilele alioga, akavaa kanzu ya kulalia mchana kweupe, akaletewa chakula.

"Na mama?" mkewe aliuliza.

"Yuko nyuma."

"Nyuma wapi? Si alikuwa anakusubiri wewe?"

Hapo mtu mzima mwenye akili angekwenda kumchukua mama na kumwomba radhi. Kilele alivua kanzu, akavaa tena bukta na fulana ya figo, akajimwagia maji kifuani yawe jasho, na kukodi pikipiki. Aliteremka nyuma ya ukuta wa kituo cha mafuta, upande ule mbio zilikotokea, na akaanza kukimbia.

Barabara ilishafunguliwa. Koni zimeondolewa, malori yanapita, na mfanyakazi wa kituo cha mafuta amemletea mama kiti ambacho mama hakukikalia, asije akapitwa.

"Mama, mbio zimeisha zamani," kijana wa watu alikuwa anamwambia.

"Za wengine."

Kisha akamwona mkwewe anakuja. Aliinua ile chupa kwa mikono miwili. Kilele alikuwa amepanga kuidaka na kupita moja kwa moja, lakini mama naye akaanza kukimbia ubavuni mwake, viatu vya benki vinapiga lami, anahema.

"Kunywa taratibu. Watu wa gari nimewaambia upo, wasijali." Akakimbia hatua chache zaidi, akavuta pumzi kwa pua. "Mwanangu. Mbona unanukia sabuni?"

Kilele akasimama. Magoti yalilia, halafu yakanyamaza.

"Mama, nilikuwa kwenye gari."

"Gari lipi?"

"Lile."

"Mbona sikukuona?"

"Nililala chini."

Mama alikaza kifuniko cha chupa, ingawa kilikuwa kimekazwa. Alitazama barabara ilikotoka, kana kwamba huenda mtu mwingine bado anakuja.

"Ulichoka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ungeniita na mimi nipande. Miguu imenivimba."

Kilele alimpandisha kwenye pikipiki, yeye akarudi kwa miguu, akichechemea kweli safari hii. Alipofika alikuta kesi imekwisha. Mama alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na mkewe alipouliza mbele ya wote, mama alisema, "Alipita. Nilimwona," na kuomba chumvi zaidi. Kilele hakupata usingizi. Angetukanwa, angelala.

Dereva naye ana mdomo. Wiki haikuisha, benchi la kinyozi likajaa watu wasio na nywele za kunyoa. Dereva mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye kiti, povu mashavuni.

"Kilele," akaanza fundi simu wa kibanda cha pili, "hivi chini ya kiti kuna baridi kama ya mlimani, au ni hewa tu inakuwa nyepesi?"

"Muulize kama alisimika bendera," mwingine akadakia.

Wakacheka mpaka benchi likatikisika. Kilele alichukua ufagio, akafagia mahali palipokuwa pamefagiliwa. Mama mkwe aliingia wakati huo, taratibu, ameshika fremu ya mlango. Miguu haikuwa imepungua vizuri. Walimpisha.

"Mnamcheka nani?" akauliza.

"Hakuna, mama. Tunaongelea gari."

"Gari gani? Mkwe wangu alipita pale konani anakimbia. Nimemwona kwa macho yangu haya."

"Mama, mbona dereva mwenyewe huyu hapa..."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

Fundi simu aliinamia simu yake, mabega yanamcheza. Wengine wakatazamana. Mwanamke huyu alikuwa akiachiwa funguo za maofisi ya watu, kila chumba, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali. Leo vijana wa benchi wanamwona mwongo. Yeye aliketi, akanyoosha mgongo, akawatazama mmoja mmoja kama anayesubiri wa kuthubutu.

"Basi aseme mwenyewe," fundi simu akasema. "Kilele, ulipita hukupita?"

Mama alimkazia mkwewe macho na kutikisa kichwa kidogo sana, asijibu. Kilele aliegemeza ufagio ukutani, akajifuta povu mikononi, akatumia muda mrefu kuliko povu lenyewe.

"Nilipita mara ya pili, nimetoka kuoga," alisema. "Mara ya kwanza nilikuwa chini ya kiti, mama amesimama juani."