Bawa la Popo Nyumbani Bagira

Nikinusa gundi ya mbao tu, niko Bagira tena, mbele ya chumba kidogo ambamo Papa alijifungia kila Jumapili, siku ya Mungu, tukitoka misa. Jamani, nilikiogopa chumba kile! Papa alikuwa mchoraji kule Lwiro kwenye utafiti wa wanyama, na kazi yake ilikuwa kuchora mifupa ya popo. Popo, ndugu zangu! Mtaani kwetu, anayeshinda na popo ana lake jambo.

Nilikuwa na miaka tisa aliponiita ndani, akafunga mlango. Kitabuni alinionyesha Mfaransa wa zamani mwenye masharubu, na mashini ya kuruka yenye mabawa ya popo.

"Huyu injinia aliangaliaka popo, akatengeneza avion," alisema. "Ilinyanyukaka kidogo tu, na motere ya mvuke. Hata kwao watu walikatala kumuamini."

Mezani palikuwa na bawa la mianzi na kitambaa, refu kunipita. "Nataka nijaribu kama yeye. Usiambie mutu, hata maman."

Siri ya nini? Shangazi alishatueleza kwamba walozi wana ndege zao, na kila ndege inadai mtoto wa nyumbani. Nikaanza kumpeleleza baba yangu mwenyewe. Akinishika bega, nilidhani anapima unono. Akinigawia kipande chake cha nyama, nilikirudisha sahanini.

Mwishowe nilimweleza jirani yetu, Maman Faida. Siku ya Mungu iliyofuata, uani palijaa watu.

"Citoyen, fungua!" Siku zile za Zaïre hata mlozi aliitwa citoyen, yaani mwananchi.

Papa alitoa bawa, akaeleza, kitabu mkononi.

"Kitabu iko ya Wazungu," Maman Faida akamkata, "lakini hii bawa iko ya popo! Choma, ama mutuhamie."

Papa alimtazama maman na wadogo zangu, akaomba kiberiti.

"Nani aliwaambia?" maman alilia. Papa alinivuta taratibu. "Rudi nyuma, mama yangu. Moshi isikuumize macho."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijua nimepona.

Papa alikuwa ameshazikwa, nami nina watoto wangu, nilipofahamu jambo moja, nikakaa chini nikalia. Mtaa mzima, mtu aliyeonyeshwa bawa lile nilikuwa mimi peke yangu. Papa alijua palepale kando ya moto. Akanisomesha, akacheza kwenye harusi yangu, na hakuniuliza hata siku moja.