Shati la Kalafi

Siku hizi nikipita pale zahanati, namkumbuka nesi Lupe. Ukutani alibandika mwongozo wa wagonjwa wa moyo: anayeumwa kifua, hata awe nani, avuliwe shati, apimwe kwa mashine, apewe aspirini. Maswali baadaye. Alikuwa mkali kama pilipili juu ya karatasi ile!

Siku moja nilimleta kwa gari la wagonjwa Kalafi, kaka yake, jasho linamtiririka. Sisi Watonga wa visiwa vya Pasifiki, kaka na dada wakishakua hawakai hata chumba kimoja, sembuse kuonana kifua wazi. Na nesi wa zamu alikuwa Lupe peke yake.

"Mwite mwingine," Kalafi alinong'ona. "Bora nife."

"Ufe uende wapi?" Lupe akamkemea. "Mwongozo hausemi 'isipokuwa kaka.' Halafu kwa mila yetu nani mwenye cheo kikubwa, kaka au dada?"

"Dada."

"Basi dada anakuamuru. Vua!"

Akavua, macho kayafumba. Akapona, na hawakukaa tena chumba kimoja.

Juzijuzi tulimzika Lupe. Kalafi aliketi nje, mbali, kama mila inavyotaka. Joto lote lile, mzee wa watu shati kalifunga mpaka kifungo cha shingoni.