Neno la Kulewesha

Niliamini kabisa kwamba mtoto akisoma neno "kugida" kwa sauti, atalewa kabla hajafika kwenye nukta. Dada yangu ndiye aliyeniambia, na aliapa kwamba babu alilisoma mara moja tu, akaimba siku tatu mfululizo.

Leo, kwenye sherehe ya mahari kwa jirani huku Kalama, harufu ya kaluvu, ile pombe yetu ya miwa, imenirudisha darasani. Mwalimu alikuwa amenisimamisha nisome hadithi ya msafiri aliyefika kisimani, na neno lenyewe lilikuwa likiningoja mstari wa tano. Mama aliimba kwaya, na kanisani kwetu nyumba ikipata mlevi, mama wa nyumba hiyo anatolewa kwaya na kurudishwa kiti cha nyuma.

"Soma, kijana!"

"Msafiri... akagida maji," nikasoma. Papo hapo ubao ukazunguka kama gurudumu la trekta. Nikakumbatia dawati.

"Mwalimu, nimelewa. Tafadhali usiseme, watamtoa mama kwaya."

Darasa liliangua kicheko kilichosikika hadi Wamunyu. Mwalimu hakucheka. Alinipa kikombe cha maji, nikakimaliza bila kupumua.

"Huko ndiko kugida," akasema. "Ni neno la zamani la kunywa kwa pupa. Waandishi hulipenda kwa sababu msomaji anaona hata koo likipanda na kushuka. Halimleweshi mtu. Mama yako ataimba Jumapili kama kawaida."