Matairi ya Kitindamimba

Jina lake la kwenye kitambulisho watu walishalisahau. Mtaa mzima ulimwita Geji, kwa ajili ya kile kipima presha ya matairi alichokichomeka kwenye mfuko wa shati kwa miaka ishirini na sita, hata siku aliyokwenda kupiga picha ya pasipoti. Duka lake la matairi lilikuwa chumba kimoja chenye mashine ya kuvulia matairi, mashine ya balansi na kompresa iliyopiga kelele kama inadai haki yake. Alikuwa fundi haswa. Na alikuwa na wivu. Tuliseme mapema, maana yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka.

Mtu aliyemwonea wivu alikuwa mdogo wake, na waliyemgombea alikuwa mama yao.

Mama alikuwa akikaa kwa Geji mwaka wa tisa sasa, tangu magoti yalipomgomea. Geji ndiye aliyempeleka kliniki kwa pikapu lake, ndiye aliyemkata kucha za miguu, ndiye aliyejua kidonge kipi kinamezwa kabla ya kula na kipi baada. Mdogo mtu alikuja mara moja kwa mwezi, akijitahidi sana mara mbili, na siku hiyo Mama alivaa gauni lake zuri tangu asubuhi. "Kitindamimba wangu huyo!" alipaza sauti kabla mlango haujafunguliwa vizuri, na kile kiti chenye mto, ambacho Geji alikikalia jioni zote, kikawa cha mgeni. Kisha aliushika mkono wa mwanawe na kuusugua. "Hebu ona mkono huu, laini kama unga." Geji aliitazama mikono yake, yenye weusi wa mpira uliogoma kutoka kwenye mikunjo, halafu akaisogeza chini ya meza. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili.

Halafu mdogo mtu akanunua gari la michezo, jekundu, la milango miwili, lililolala chini hadi ukadhani limekaliwa. Picha yake Mama aliionyesha kila aliyepita kubisha hodi, na hata aliyekuja kusoma mita ya maji hakusalimika.

Jumamosi moja asubuhi gari lenyewe lilisimama mbele ya duka.

"Shikamoo kaka," mdogo mtu alisema akijikunjua kutoka ndani, manukato yakimtangulia.

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Matairi yamekwisha, kaka. Nataka mapya, yale ya mwendo. Lakini mazuri kweli kweli."

Sasa Geji alikuwa na utaratibu wake. Hakumuuzia mtu tairi kabla ya kumuuliza maswali matatu: unapita wapi, mvua ikinyesha unatembea au unaegesha, na unabeba nani? La tatu ndilo lililoamua. Anayebeba watoto alipewa tairi lake, na anayebeba sifa alipewa la kwake. Kuna wateja waliotoka wamenuna kwa maswali hayo, lakini walirudi.

Siku hiyo hakuuliza hata moja. Alijifuta mikono, akamwacha bwana mdogo azunguke mwenyewe kwenye rafu.

Kulikuwa na seti mbili za saizi ile. Ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi uliopita: mpira mpya, mifereji mipana ya kutoa maji, sura ya kawaida tu. Ya pili ilikuwa imelala pale mwaka wa saba, tangu mteja aliyeiagiza alipotoweka. Ilikuwa na michoro mikali kama makucha, na Geji aliifuta kwa glisirini kila wiki, kwa hiyo iling'aa. Kwa macho ungesema imeshuka jana. Kwa kidole cha fundi, mpira ule ulikuwa umeshakuwa mgumu, na kwenye lami yenye maji ungeteleza kama sabuni bafuni.

"Haya hapa!" mdogo mtu alisema, akiyapapasa yale yanayong'aa. "Kaka, haya ni moto!"

Geji alijua neno la kusema. Lilikuwa mdomoni. Lakini akaona ule mkono laini juu ya tairi, akasikia sauti ya Mama ikiusifu, na neno likarudi chini.

"Umechagua mwenyewe," alisema.

Kazi ikaanza. Kila tairi lina tarehe ya kutengenezwa, tarakimu nne upande mmoja tu, wiki na mwaka. Fundi mwenye nia mbaya huugeuza upande huo ndani, usionekane. Tatizo ni kwamba matairi haya ya mwendo yalikuwa na mshale ubavuni, unaoonyesha yazungukie wapi, na ukifuata mshale tarehe za matairi mawili zingebaki nje peupe. Kwa hiyo ili kuzificha zote, Geji aliyafunga mawili kinyume na mshale. Kosa hilo hufanywa na anayejifunza kazi, naye huchekwa wiki nzima. Geji alilifanya kwa mikono iliyoijua kazi, taratibu, bila kumtazama mtu. Moyoni alikuwa akisema: ateleze kidogo tu. Agonge ukingo mahali, akwaruze ile rangi nyekundu, Mama aone kwamba naye ni binadamu.

Alipoteremsha jeki, wingu zito lilikuwa limeshafunika mtaa. Mdogo wake alipokea ufunguo lakini hakuingia garini. Alisimama akiuzungusha kidoleni, kama anayeona haya.

"Afadhali umeyafunga wewe," alisema. "Sasa labda Mama atakubali."

"Akubali nini?"

"Kupanda. Wiki ya tatu hii namwomba kwa simu nimtembeze, anakataa. Anasema hapandi gari ambalo mkono wa kaka yako haujaligusa. Kila kitu kaka yako, kaka yako. Nikinunua dawa, anasema subiri kaka yako aione." Alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Mimi kwa Mama ni mgeni tu, kaka. Mgeni anapewa kiti kizuri. Wewe ndiye mtoto. Nakuonea wivu, basi tu."

Tone la kwanza la mvua liligonga boneti.

"Lete ufunguo," Geji alisema.

"Kuna nini?"

"Lete."

Alilipandisha gari tena. Alivua tairi la kwanza, akalilaza miguuni mwa mdogo wake, akamwekea kidole kwenye zile tarakimu nne, kisha kwenye mshale.

"Yana miaka saba. Nilijua. Na mawili nimeyapindua makusudi usione."

Mdogo wake aliinama, akasoma, akasoma tena. Alikaa kwenye benchi la wateja, mikono katikati ya magoti, muda wote Geji alipokuwa akifunga ile seti yenye mifereji mipana na kupima presha kila gurudumu mara tatu. Mvua ikapiga bati. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mvua ilipokatika wakaenda nyumbani, pikapu mbele, jekundu nyuma. Mama alikuwa mlangoni, gauni zuri mwilini, mkongojo mkononi. Alilitazama gari, halafu akamtazama kitindamimba wake.

"Kaka yako ameyakagua matairi?"

Geji alisubiri. Neno moja tu lingetosha kummaliza, na alilistahili.

Mdogo wake alimtazama Geji.

"Ameyafunga mara mbili, Mama," alisema. "Mara ya kwanza hakuridhika nayo."

Mama akaitikia kwa kichwa, amefurahi, akampa kitindamimba wake mkono amsaidie kuingia. Gari likaondoka polepole kwenye lami yenye maji, limeshika barabara vizuri. Geji alibaki mlangoni na kipima presha chake mfukoni, akilitazama, na wivu ukamrudia upya, mkali kuliko wa mkono laini na kiti chenye mto. Maana yeye, kama ndiye angekuwa amekaa kwenye benchi lile, angemwambia Mama.