Siku Kompyuta ya Baba Ilipogoma Kufunguka

Sina subira na mashine. Binadamu akinizungusha naweza kumvumilia hata wiki nzima, lakini kompyuta ikinizungusha kidogo tu natamani kuitupa bondeni. Na kwetu milimani, juu ya mji wa Soni, bonde liko mlangoni.

Jumamosi moja, iliyonizungusha ilikuwa kompyuta ya baba. Tangu astaafu ualimu, baba amekuwa akikusanya maneno ya Kishambaa ambayo watoto wake hatuyajui tena: majina ya mbegu, ya aina za udongo, ya vijito ambavyo sisi tunaviita tu mto. Alipanda na kushuka milima kuwauliza wazee, kisha akarudi kuyaandika kwenye kompyuta kwa kidole kimoja. Wengi wa wazee hao tumeshawazika. Nakala nyingine hakuna, maana baba aliwahi kuambiwa kwamba flashi zinaleta virusi, akazipiga marufuku nyumbani kama pombe.

Kompyuta yenyewe ilikuwa nzito kuwaka, nikajitolea kuiwekea mfumo mpya wa kuiendesha. Mfumo huo nilikuwa nao kwenye flashi, kwa hiyo niliichomeka kwa nyuma, upande wa ukutani, baba asije akaiona tukaanza mabishano. Yeye alikuwa barazani anapukuchua maharage. Diski ya ndani ya kompyuta ilikuwa na sehemu mbili. Maneno yake yalikuwa kwenye sehemu ya pili, mimi nikaweka mfumo kwenye ya kwanza. Kazi ikaisha, kompyuta ikajizima na kujiwasha, halafu badala ya kufunguka ikanirudisha mwanzo kabisa: chagua lugha, weka mfumo. Nikarudia yote. Ikanirudisha tena.

Baridi ya Julai ilikuwa imetuingia hadi mifupani, lakini mimi nilitokwa na jasho. Je, nilichagua sehemu sahihi? Au nilikuwa nimeshayafuta maneno ya baba? Pale kwenye kioo palikuwa na nafasi ya kufuta diski nzima na kuanza upya, na kwa hasira niliyokuwa nayo, kidole kilikuwa kinaniwasha.

"Inaendeleaje, mwanangu?" baba aliuliza kutoka nje.

"Vizuri tu, baba."

Nikamsikia akirudi kwenye maharage yake.

Aliyeingia ni mama. Jioni hiyo jumuiya yetu ya kanisani ilikuwa inasali kwetu, na mama kwa wageni hana mchezo. Kila kitu ndani mwake lazima kivae kitambaa cha kufuma: makochi, redio, hata kompyuta. Ukiinuka tu kwenda kunywa chai, ukirudi unaikuta imeshavishwa.

"Zima hicho kitu, nataka kubadilisha kitambaa."

"Mama, nipe dakika chache."

"Utawaambia wewe wanajumuiya?"

Nikaizima kwa kisirani. Mama akakivuta kitambaa cha zamani nilichokuwa nimekisukumia nyuma, uzi ukanasa mahali. Mama huwa haubembelezi uzi. Akavuta kwa nguvu, kitu kikadondoka sakafuni.

"Hiki nini tena?"

Ilikuwa flashi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kila ilipowaka, kompyuta ilikuwa inaanza kwa kusoma flashi hiyo na kutaka kuweka mfumo upya, na mimi niliyeificha baba asiione nilikuwa nimeisahau hata mwenyewe. Nikaiwasha bila flashi. Ikafunguka. Nikaingia sehemu ya pili ya diski, na faili la baba lilikuwepo. Nilipiga kelele za furaha, mama akadhani nimepigwa na umeme.

Baba akaja, mikono ina vumbi la maharage. Hakukaa.

"Fungua kwenye mbegu," aliniambia. "Nisomee majina ya maharage."

Nikasoma, yeye akiitikia kwa kichwa. Nilipofika katikati akainua mkono.

"Hilo! Hilo ndilo lililonitoka."

Sikuelewa, mpaka alipoeleza. Mtu aliyefundisha miaka mingi hadanganyiki na "vizuri tu." Alikuwa amejua kwamba mambo yameharibika, na muda wote ule pale barazani alikuwa akiyataja maneno yake yote moyoni, kuanzia la kwanza, ili kama yamepotea ayaandike upya. Alikuwa amekwama kwenye hilo moja.

Akalirudia kwa sauti, taratibu, kisha akavuta kiti.

"Hilo alinipa mama yangu," akasema.